Punje za Vitundu na Dripu ya Baba

Baba yangu alikataa dripu ya saratani kwa sababu yangu mimi, na hadi leo naona aibu.

Nilikuwa nimerudi likizo nyumbani, nje kidogo ya Garsen, kichwa kimevimba kwa masomo. Dripu ya kwanza ilikuwa imemtapisha wiki nzima, na ya pili ilikuwa inamngoja Mombasa baada ya siku tatu. Nikaona nimfariji kwa kumweleza kazi yetu ya maabara. Tunatengeneza punje, nikasema, ndogo hata jicho halizioni, zenye vitundu kama sponji. Dawa inajazwa humo, punje inasafiri kwenye damu, na ikifika penye uvimbe ndipo inashusha mzigo. Kwingine mwilini haigusi.

Baba, aliyechunga ng'ombe maisha yake yote, aliinuka kitandani akakaa. "Njiani haimwagiki?"

"Vitundu tunaviziba, Baba."

"Na uvimbe itaujuaje?"

"Penye uvimbe kuna asidi zaidi. Hiyo ndiyo inayozibua."

Alifurahi mno, akamwambia mama asipakie nguo. Mombasa haendi. Atangoja dawa ya binti yake.

Nikajaribu kuyarudisha maneno yangu. Wapi! Sisi wafugaji hatuhamishi ng'ombe mpaka mtu atangulie, akague nyasi na maji, kisha arudi aseme kwa kinywa chake. Nikamwambia Baba kwamba kwenye njia hii bado hajatangulia mtu. Akaanza kunihoji kama anavyowahoji hao wanaotangulia.

"Hakuna aliyefika kabisa?"

Mama akanikazia macho.

"Panya," nikasema.

"Wamerudi wangapi?"

"Baadhi."

Mama alicheka hadi akashika ukuta. Baba hakucheka, na mimi nilitamani ardhi inimeze. Basi nikasema yote: kwamba punje zangu bado ziko kwenye chupa, kwamba huenda ikapita miaka, kwamba huenda zisifanye kazi, na kwamba naogopa atakufa. Nikalia mbele yake, mtu mzima mimi, mwenye shahada.

Baba akamwambia mama apakie nguo.

"Hiyo ya Mombasa nitaivumilia," akaniambia, "nipate siku za kuingojea yako. Wewe kesho rudi kazini. Likizo ya nini?"