Shemeji alihutubia mtaa mzima kuhusu kazi za nyumbani, kisha akaombwa chai

Wakuu, salaam kutoka Kagarama, hapa Kigali. Hii sikusimuliwa. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kochi, macho makavu.

Nimemaliza chuo, natafuta kazi, na kwa sasa naishi kwa dada yangu Zuhura na mumewe.

Shemeji ana duka la vitambaa. Hanywi, hapigi mtu, swala zote msikitini. Ila hajawahi kurudisha kikombe jikoni. Anakiacha popote, kama kuku anayetaga.

Dada ana mimba kubwa. Daktari alimwambia presha inapanda, apumzike, asibebe hata ndoo.

Akarudi nyumbani, akabeba ndoo.

Nikiwepo namnyang'anya. Nikienda interview, naambiwa "jieleze", mimi naona ndoo tu. (Ndiyo, nawaza kupita kiasi. Kazi sijapata.)

Sasa, kwa wasiojua: huku Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna umuganda. Mtaa mzima unatoka kufanya usafi, kisha mkutano.

Hapo ndipo utamjua shemeji! Anafagia mtaro kama anafukuza jini. Nyumbani ufagio anauruka.

Mwezi huo mada ikawa wanaume na kazi za nyumbani. Shemeji akasimama na gambuti zake:

"Mimi napika. Naosha. Mke wangu ni malkia, kazi yake kulala!"

Makofi. Nikaangalia chini kana kwamba nimedanganya mimi.

Kiongozi wa mtaa wetu, mama mmoja tunayemwita Mama Ineza, akafurahi mno.

"Basi leo tunakunywa chai kwako. Hawa wanaume waone kwa macho."

Msafara ukaanza, majembe mabegani. Shemeji alitembea nyuma kabisa, kuelekea nyumbani kwake mwenyewe.

Tukamkuta dada ameinama, anapiga deki. Mama Ineza akatazama tumbo, akatazama tambara.

"Malkia, kaa."

Dada akakaa. Nikataka kuinuka nikachemshe maji, dada akanibana goti. Nikaelewa.

Shemeji akaingia jikoni. Tukasikia kitufe cha jiko kinageuzwa. Kikageuzwa tena.

"Zuhura, gesi imeisha!"

"Haijaisha. Fungua mtungi."

Tukasikia makabati yanafunguliwa.

"Mtungi uko wapi?"

Wakuu, mtungi ni wa bluu, uko nyuma ya mlango, na huwa anatundika koti juu yake!

Mzee mmoja pale mlangoni akasema kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, "Mwalimu yetu iko natafuta shule." Nyumba ikalipuka kwa kicheko.

Mama Ineza hakucheka.

"Sisi hatuna haraka, chai tutangoja. Na mwezi ujao tunarudi. Mama huyu tukimkuta na ndoo, wewe ndiye utakayeueleza mkutano."

Chai ilikuja ikiwa na rangi ya maji ya mtaro. Dada alikunywa yote, miguu juu ya stuli.

Tangu siku hiyo shemeji anaosha vyombo. Lakini anaoshea kwenye bomba la nje, geti wazi, ili kila apitaye amwone. Mvua ikinyesha, vyombo vinasubiri jua. Ndoo anazibeba kwa kuzunguka mbele ya nyumba, wakati mlango wa nyuma uko hatua chache.

Namdharau, na sitaacha. Mtu anayehitaji watazamaji ili amhurumie mkewe!

Ila juzi mchana nilimkuta dada amelala fofofo, na kliniki walisema presha imeshuka. Geti lilikuwa wazi. Sikulifunga.

Nilichojifunza: hotuba ya mwanaume isikilizwe akiwa jikoni. Kuna kaka ananichumbia, anaapa kwamba nyumbani kwake sitagusa kazi. Nimeliwaza neno hilo mpaka kichwa kinauma. Jumapili nakwenda kwake bila taarifa, nitakaa, nitaomba chai, nitatega sikio.

Karibuni kwa povu. Lakini wanaume wenye ndoa, kabla hamjanishambulia, mtungi wa kwenu ni rangi gani?

Jibu bila kwenda kuchungulia.