Tension haiko tena

Siku ile nilirudi mjini kutoka Kamanyola, na kabla ya kutafuta pa kulala nikapita soko la Nyawera kumsalimia mama mdogo, dada ya mama yangu, kwenye meza yake ya unga wa muhogo.

"Weye! Kamanyola nako wamekufukuza?" akaniuliza. Majirani wakacheka. Mimi sikucheka, maana mdomo wake ulikuwa umevutika upande mmoja na maneno yalimtoka mazito.

Jirani mmoja akaleta maji. Nikamzuia, kwa sababu hata mate yalikuwa yanamshinda mama mdogo kumeza. Nikaita pikipiki, nikamkalisha kati ya dereva na mimi, nikamshika kiuno mpaka kituo cha afya.

Muuguzi alimpima, akatazama namba, kisha akanitazama mimi.

"Papa, anakunywa dawa ya tension?"

Mama mdogo akajibu mwenyewe. "Niliacha. Si ni wewe uliniambia tension haiko tena?"

Kwetu tension, yaani presha ya damu, ni jina la ugonjwa: mtu anayo au hana. Mara ya mwisho muuguzi alikuwa amesema namba imeshuka. Yeye alisikia amepona.

"Ilishuka sababu ya dawa, maman," muuguzi akasema polepole. "Sasa inua mikono yote mbili."

Wa kulia ukapanda. Wa kushoto ukabaki umelala pajani.

"Na ule mwingine, maman."

"Nimeisha inua yote!" akasema kwa hasira, akanigeukia. "Mwambie. Si unaona?"