Mgongo wa Irvin Sugden

Huko Skelbrough, mji wa makaa ya mawe katika Yorkshire, Uingereza, wanaume waliorudi kutoka shimoni waliosha uso, mikono na kifua. Mgongo hawakuugusa. Maji hulegeza uti, ndivyo walivyoambiwa na baba zao. Zillah Sugden hakuhitaji kuambiwa na mtu. Mumewe alipovunjika mguu, wauguzi walimsugua mgongo ukatakata. Mguu ulipona, lakini hakusimama wima tena mpaka alipozikwa.

Kwa hiyo mwanawe Irvin alipopata nafasi katika klabu ya raga ya mji, Zillah hakuuliza habari za kuvunjwa pua wala meno. Aliuliza wanaogea wapi. Akaambiwa kuna birika kubwa la saruji, timu nzima huingia humo baada ya mechi na kusuguana migongo. Alimwapisha mwanawe asikubali.

Irvin akashika kiapo. Jumamosi asubuhi alichimba makaa, mchana akacheza, kisha akakaa ukingoni mwa birika akijimwagia maji kifuani tu. Wenzake walimwita Bomba la Moshi. Walimwambia siku akioa, bibi harusi atapata nusu ya mume na nusu ya gunia la makaa. Alicheka, akavaa shati.

Alicheza mstari wa mbele, pale wanaume wanapofungamana mabega, wakainama na kusukumana na wapinzani. Miaka ikapita, na wachache sana walimrudisha nyuma. Mji ulimpenda. Zillah akipita sokoni, watu wazima walimpisha. Naye moyoni alijiambia: si ule mgongo usiooshwa?

Lakini hakuacha kumtazama. Alijua Irvin ameumia wapi kwa jinsi anavyokaa kitini. Majira ya kuchipua ya mwaka 1954, timu ilipofika nusu fainali ya kombe kwa mara ya kwanza tangu Vita vya Pili vya Dunia, alimwona akipanda ngazi za nyumbani kwa kujivuta kwa mikono. Alipomuuliza, alijibiwa kwamba ni uchovu.

Siku mbili kabla ya mechi alikuja Wilf Oddy, mchuaji wa timu, kofia mkono mmoja, sponji mkono wa pili. Alieleza kwamba Irvin anaumwa mgongo, na dawa ya kuchua haipenyi masizi. Ameombwa aoshwe, amekataa mpaka mama yake aruhusu.

"Mama Irvin, nikopeshe mgongo tu," Wilf alisema. "Vingine vyote baki navyo."

"Umeshawamaliza wangapi kwa hilo sponji lako?"

"Hakuna aliyerudi kulalamika."

Irvin alisimama karibu na moto, mwanamume mzima mwenye shingo ya fahali, akingoja ruhusa. Zillah alimfikiria marehemu mumewe, akaufikiria na mji uliokuwa ukingoja Jumamosi. Mwishowe akasema ataosha mwenyewe, mtu mwingine asiguse.

Aliweka beseni la bati mbele ya moto, akaanza shingoni. Maji yalitoka meusi, akayamwaga, akaleta mengine. Makovu ya buluu yalijitokeza, yale ambayo makaa humwachia kila mchimbaji. Hayo hayakumshtua. Alipofika kiunoni mkono wake ulisita. Palikuwa na uvimbe, na uti ulikuwa umekwenda upande. Alibonyeza kidogo, Irvin akakamata ukingo wa beseni.

"Tangu lini?"

"Krismasi."

"Na mguu huu mbona unauburura?"

"Siusikii vizuri, Mama."

Wilf alisogea, akaangalia, na utani ukamwisha. Chupa ya dawa aliyokuwa ameitoa akairudisha mfukoni.

"Hachezi," Zillah alisema.

"Mama, ni nusu fainali."

"Itachezwa. Wewe utakaa."

"Watu watasemaje?"

"Waje waniambie mimi."

Hawakuja kumwambia, walisemea barabarani. Timu ilifungwa, na ikasemwa kwamba mama amemwosha mwanawe nguvu zote. Irvin mwenyewe alikula siku kadhaa akiwa amempa mama yake mgongo. Daktari alimkataza raga, akamkataza na kuchimba. Alipewa kazi ya nje ya shimo, kugawa taa kwa wanaoshuka shimoni, na kwa muda mrefu mguu ulibaki mzito.

Zillah hakubishana na mtu, maana hata yeye hakuwa na hakika kwamba maji hayana lawama. Ila aliendelea kumwosha, kila Ijumaa, akipapasa ule uvimbe kwa kidole. Ulipoanza kunywea, hakumwambia mtu. Aliongeza sabuni.