Nilivyoitafuta Mbegu ya Mama

Niliondoka Musoma kwenda kutafuta mtama kwa sababu mimi ndiye niliyeupoteza. Naanza na ungamo hilo mapema, maana dada yangu Perisi akiyasoma haya bila kuliona, atapiga simu.

Mama yetu anaishi peke yake kijijini, rasi ya Majita, ziwa likiwa mbele ya mlango. Miaka yote alilima mtama mfupi mwekundu ambao nyumbani tuliuita "wa mama", kwa sababu alikuja nao alipoolewa kutoka Butiama. Si mtama wa kupendeza machoni, lakini una haraka: unaupanda mvua ya kwanza, na kabla mvua haijachoka umeshakomaa. Mbegu alizitunza kwenye masuke yake, akayatundika kwenye uchaga wa fito juu ya mafiga. Moshi uliyapaka masizi mwaka mzima, na fukusi hawakuyagusa.

Kisha mimi, mwana mwenye mapenzi mengi, nikamnunulia jiko la gesi. Machozi yalikuwa yanamtoka kila akipika, nikaona huruma. Nilibomoa jiko la zamani kwa mikono yangu, masuke nikayatia kwenye ndoo yenye mfuniko, nikajisifu kwa usafi. Mwaka ule mama alipanda mahindi ya kisasa ambayo pia nilimletea mimi. Tulipokuja kuifungua ile ndoo, tulikuta unga na fukusi walionenepa.

Mahindi nayo hayakutuheshimu. Vuli ya kwanza mvua ilianza vizuri, tukashukuru kanisani, ikakata mahindi yakiwa ndiyo yanatoa mbelewele. Vuli iliyofuata ilikuja yote kwa wiki mbili, ikaosha mbegu na udongo ikapeleka ziwani. Nikamwambia mama basi, hama. Kamunyonge, mjini Musoma, ninapoishi, nilikuwa nimeshamwandalia chumba, kitanda kipya, godoro bado limevaa nailoni. Tulibishana siku nzima. Jioni akanipa masharti.

"Mafuru, niletee mtama wangu kabla ya mvua ya kwanza. Ukiukosa, nafunga mlango, nakufuata huko kwako."

"Kweli, mama?"

"Nilishakudanganyaga mimi?"

Akaongeza jambo moja. Kwetu mama humpa binti mbegu anapoolewa, na mbegu aliyoitoa haidai tena. Ni sawa na kudai maziwa uliyomnyonyesha. Kwa hiyo nikifika kwa Perisi, nisiseme mama ameishiwa. Niseme naitaka mimi.

Kusema kweli nilitamani aje Kamunyonge. Ningeweza kuzunguka siku mbili, nikarudi mikono mitupu, nikashinda. Lakini ile ndoo ilikuwa inanisuta.

Jumatatu asubuhi, mtaa wa Mukendo, mjini. Mimi ni fundi wa injini za mitumbwi, na karakana yangu iko hapo. Niliifunga, nikamwachia jirani funguo, nikawasha pikipiki. Ilikuwa mwisho wa Septemba na mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa ziwa, meusi chini na meupe juu. Zamani ukiona mawingu ya hivyo ulikuwa unajua una wiki tatu za kutayarisha shamba. Siku hizi yanaweza kunyesha kesho au yasinyeshe kabisa. Nilikaza mwendo.

Saa nne, barabara ya Bunda. Nilipita ng'ombe wengi kuliko magari. Wafugaji walikuwa wanawapeleka ziwani kunywa, na wengine walikuwa wametoka mbali sana, mbavu zikihesabika. Nilisimama kunywa maji, nikamuuliza mzee mmoja kwa nini hawanyweshi kwenye bwawa la kwao.

"Bwawa lipo," alisema. "Maji ndiyo hayapo."

Nilimuaga nikaendelea. Jambo hilo lilinikaa kichwani, kwa sababu kijijini kwetu tunalia ziwa limejaa hadi limemeza mwalo wa kuanikia dagaa, na hapa, mwendo wa saa moja tu, watu wanatembeza ng'ombe siku nzima kutafuta maji yaleyale.

Saa sita, nje kidogo ya Bunda. Dada Perisi ameolewa upande wa kuelekea hifadhini, kwa wakulima wa pamba na wafugaji. Alinipokea kwa vigelegele na ugali wa muhogo, akaniuliza habari za wote mmoja mmoja, mpaka za paka. Nilingoja nishibe ndipo nikasema nimekuja kuomba mbegu ya mtama wa mama, kidogo tu, nataka kujaribu kulima.

Perisi aliacha kutoa vyombo.

"Wewe? Wewe uliyekuwaga unajificha kwenye mtumbwi wakati wa palizi?"

"Watu hubadilika, dada."

"Hawabadilikagi hivyo." Alinitazama sana. "Mama ameishiwa mbegu."

Nilianza kukusanya sahani mwenyewe. Hilo lilimtosha kuwa jibu, na akaanza kucheka, kisha akaacha ghafla, akaketi juu ya ndoo. Akanieleza. Mwaka uliopita alipanda mtama wote aliokuwa nao. Tembo walitoka hifadhini mapema kuliko kawaida, mito ya huko ilikuwa imekauka. Mtama hawakuula, waliukanyaga tu wakienda kwenye mihogo. Uliobaki umesimama, kwelea kwelea walikuja kama wageni wa harusi ambao hawakualikwa, wakaumaliza kwa siku tatu.

"Na hukubakiza hata suke moja?" niliuliza.

"Nilibakiza la nini? Nilijua ya mama ipo. Siku zote ya mama ipo!"

Nilimwambia kwamba mama naye, siku tulipofungua ndoo, alisema maneno hayohayo: tusihuzunike, ya Perisi ipo. Mama na Perisi, kila mmoja alikuwa amemfanya mwenzake ghala yake, na ghala zote mbili zilikuwa tupu. Niliogopa, kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani. Chumba cha Kamunyonge nilikitaka, lakini sikutaka mtama ule ufe na mimi ndiye niwe nimeuua.

"Ndoo ya nini tena?" Perisi aliuliza. "Mama hawekagi mbegu kwenye ndoo."

Ikabidi nieleze habari za jiko la gesi. Alinisema mpaka shemeji akatoka zizini kuangalia kama tunapigana. Alipotulia alisema amebaki mtu mmoja tu, mama mdogo Wakuru, mdogo wake mama, huko Butiama walikozaliwa. "Huyo hata umletee gesi atafugia kuku," alisema.

Jumanne, kwenda Butiama. Nilirudi na lami mpaka Kiabakari, nikakata kuingia vilimani. Huko hewa ni baridi kidogo, mawe makubwa yamekaa juu ya vilima na nyumba zimekaa katikati ya mawe. Nilifika kwa mama mdogo mchana. Ni mwembamba, ana sauti kubwa kuliko mwili, na hakunikaribisha ndani. Alinipeleka moja kwa moja jikoni, kibanda cha udongo cheusi ndani kama chungu. Nilitazama juu. Kwenye uchaga kulikuwa na vifungu vitatu vya masuke, vyeusi kwa masizi, vimefunikwa na utando wa buibui.

Sioni haya kusema nilitokwa na machozi. Nilisingizia moshi.

"Mama mdogo, ni wenyewe?"

"Ni wenyewe. Ila usifurahi haraka. Umekaa misimu mitatu hapo juu. Moshi unatunza, lakini moto ukiwa karibu unaua pia. Inawezekana unatazama maiti."

Alikuwa ameacha kuupanda kwa sababu wajukuu wanataka ugali mweupe, na mbegu za mahindi zinapatikana dukani. Masuke aliyaacha juu kwa mazoea tu. Alishusha moja, akalipukuchua kiganjani, akahesabu punje ishirini, akazifunga kwenye kitambaa kibichi na kukiweka ndani ya chungu karibu na mafiga. Siku mbili, alisema. Zikiota, nitapewa vifungu viwili. Zisipoota, nitakunywa chai niende.

"Na hizo siku mbili, mbegu haitolewi bure. Hela sitaki. Kule nyuma kuna shamba."

Jumanne mchana mpaka Alhamisi asubuhi, shambani kwa mama mdogo. Mikono yangu ni ya fundi, imezoea spana. Nilidhani jembe litaitambua. Halikuitambua. Kufikia Jumatano jioni viganja vilikuwa na malengelenge, na mama mdogo alikuwa analima mbele yangu mistari miwili kwa mmoja wangu, huku akiniuliza kama injini yangu imeishiwa mafuta. Lakini alinifundisha vitu. Alinionyesha kisima cha mawe ambacho katika utoto wao hakikukauka hata mwaka mmoja. Sasa kinakauka Agosti. Alisema zamani walipanda kwa kumtazama ndege fulani na mti fulani kuchanua. "Siku hizi mti unachanua mara mbili, ndege haji. Sasa tumwamini nani?"

Upande wa magharibi mawingu yalizidi. Kila nilipoinua kichwa niliyaona yamenenepa. Mvua ikinyesha Majita kabla sijafika, mama angekuwa ameshafunga mlango. Nilijaribu kufungua kitambaa Jumatano usiku; mama mdogo alinipiga mkono kwa mwiko.

Alhamisi asubuhi alikifungua mwenyewe. Punje nyingine zilikuwa zimeoza. Lakini kumi na tatu zilikuwa zimetoa vimkia vyeupe. Alizihesabu mara mbili kwa kidole, kama mwalimu anayehesabu watoto.

"Ni hai," alisema. "Umechoka, lakini ni hai. Mwambie dada yangu apande mbegu mbilimbili kwa shimo."

Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Alinifungia vifungu viwili kwenye khanga yake kuukuu, cha tatu akakirudisha kwenye uchaga. Nilimwomba na hicho. Akakataa, akasema akikitoa hicho ndipo atakuwa mjinga kama sisi.

Alhamisi saa tano, njiani. Mvua ilinikuta Makutano. Ilikuwa ya upepo, inapiga kutoka ubavuni. Nilikuwa na koti moja la mvua. Nilisimama, nikalivua, nikaivika khanga ya mtama, nikaifunga kifuani, nikaendelea nikiwa na shati. Watu waliojibanza barazani walinicheka, na walikuwa na haki. Nilipitia mjini bila kusimama, hata karakana sikuiangalia, nikashika njia ya rasi nikitetemeka, na njia nzima nilikuwa naomba mvua ile isifike kwetu kabla yangu.

Saa tisa alasiri, nyumbani Majita. Vumbi lilikuwa bado vumbi. Mama alikuwa ameketi mlangoni, mzigo mdogo umefungwa kando yake, ufunguo mkononi. Alikuwa ameiona mvua ng'ambo ya ghuba, akajiandaa kutimiza neno lake. Nilimpa khanga. Aliinusa kwanza, kabla ya kuifungua.

"Moshi wa kwetu," alisema, na akakaa na khanga ile usoni kwa muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akatoka na jembe.

Shamba la chini halipo tena. Ziwa limelichukua hadi mpaka wa migomba, na pale tulipocheza utotoni sasa wanapita sato. Kila Pasaka mama huweka jiwe maji yalipofika. Mawe mawili ya kwanza yako majini, huyaoni. Tulipanda shamba la juu, mbilimbili kwa shimo, na mvua ilitukuta mstari wa mwisho. Mama hakukimbia. Alisimama shambani akalowa, akicheka peke yake.

Ijumaa nilimjengea jiko la udongo, maana nilikuwa na deni la ukuta niliobomoa. Nilianza kuweka mafiga pale pale lilipokuwa la zamani. Mama akayaokota moja moja, akayabeba nyuma ya nyumba, juu ya kilima kidogo, mbali na maji.

"Huku," alisema.

Juu ya uchaga alitundika masuke machache ambayo hatukuyapanda. Mengine aliyagawa: ya Perisi, nipeleke mwenyewe na nisijidai ni yangu, na mawili ya kwangu.

"Mama, mimi sina moto kule. Nina gesi."

"Basi tafuta moto."

Kisha akanionyesha ziwa kwa kidevu. "Na kile kitanda usikiuze. Mtama utanilisha, Mafuru, lakini ziwa silishindi. Siku maji yatakapofika kwenye mafiga haya nitakuja mwenyewe, na mbegu yangu kichwani."

Mvua zilikata kabla ya Krismasi. Mahindi ya majirani yalikauka yakiwa na mbelewele. Mtama wa mama ulikuwa umeshainamisha vichwa. Watu watano walikuja kuomba mbegu, wote akawapa, kila mmoja kwa siku moja ya jembe.

Nilichojifunza safari ile ni kidogo, na nilipaswa kukijua kabla ya kuifunga ile ndoo: mbegu haikai kwa mtu mmoja, hata awe mama. Nyuma ya nyumba yangu Kamunyonge sasa kuna mafiga matatu chini ya kibanda cha bati, na juu yake masuke mawili meusi. Kila Jumamosi nawasha moto. Mke wangu anakohoa, majirani wanauliza tunapika nini.

Chumbani godoro bado limevaa nailoni. Zamani nilikuwa naomba mama aje. Sasa kila Pasaka nampigia simu kuuliza jiwe ameliweka wapi, na naomba asije.