Miguu ya Ndege Weupe wa Karavia

Enzi zetu, sisi watoto wa mtaa wa Katuba, ndege tulimjua kwa kumkodolea macho mpaka machozi yatoke. Mimi nilibahatika zaidi, maana papa, baba yangu, alitunza bustani ya nyumba moja Karavia, kando ya ziwa. Jumamosi alinipakia kwenye baiskeli, bukari, ugali wetu, imefungwa kitambaani, tukaenda.

Mwezi wa kumi, mvua bado, joto linachoma, ndege weupe walijaa matopeni. Kuna wakubwa na wadogo. Kitabu cha shule kilisema mkubwa ana mdomo wa njano, mdogo ana mweusi. Basi! Lakini msimu wa kutaga, mdomo wa yule mkubwa nao hugeuka mweusi, na akikunja shingo, hee, utaapa ni ndugu.

"Mudomo itakudanganya, mama," papa aliniambia. "Ngojea anyanyue muguu. Mudogo iko na vidole vya njano. Mukubwa, nyeusi tupu."

Nikayaandika hayo kwenye mtihani. Mwalimu akanipa sifuri, akasoma jibu langu kwa sauti, akauliza nani kanifundisha. Nikasema papa.

"Papa yako mwenye kukata majani, njo iko mwalimu sasa?"

Darasa zima likaangua kicheko. Niliumia, jamani, na si kwa ajili ya sifuri. Nikaapa: mwalimu huyu atakanyaga matope ya Karavia.

Kila asubuhi nilimngojea mlangoni. "Mwalimu, Jumamosi tuende?" Akanipa adhabu ya kupiga deki darasa. Nikapiga, kesho yake nikauliza tena. Wiki ya tatu akachoka, akaja na viatu vyake vya misa.

Ndege mkubwa alisimama majini saa nzima, mdomo mweusi tii. "Mdogo huyo," mwalimu akasema, anatabasamu. Halafu ndege akanyanyua mguu polepole, mweusi mpaka kwenye kucha.

Mwalimu akavua kofia. "Papa, uko na haki, mimi nilikosea." Jumatatu akaifuta sifuri mbele ya wote, akataja aliyemfundisha.

Vijana wa leo, sasa! Mwanangu anamwelekezea ndege simu, simu inamtajia jina, anarudi kwenye video zake. Juzi pale pale Karavia simu ilisema yule mkubwa ni mdogo, naye akakubali tu. Nikamwamuru aitie mfukoni, asimame, angoje. Alinung'unika weee, lakini alisimama.

Papa alikuwa nasi, kwenye kiti cha plastiki. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, hata maji hayaoni tena. Aliposikia tumenyamaza ghafla, akauliza, "Amenyanyua?"

Nilitaka kujibu, mwanangu akaniwahi kumjibu babu yake. "Amenyanyua, kambo. Nyeusi tupu. Ni mukubwa."

Papa akacheka kwa furaha, akitazama upande ambako ndege hakuwapo.