Udi wa Mama na Tangi la Oksijeni

Sikio langu la kushoto lilikufa nikiwa mdogo, kwa surua, wala sikulililia. La kulia lilinitosha. Nimeuza nalo vitenge Kariakoo miaka yote, na anayezijua kelele za pale anajua nasema nini. Basi asubuhi moja naamka, namwona mama mdomo unamcheza na sauti haitoki. Nikadhani ananitania.

Daktari alinipima, akanipa vidonge, akaniandikia kwenye karatasi: sikio limegoma ghafla, kesho uanze kuvuta oksijeni kwenye tangi. Neno "haraka" alilipigia mstari. Kila siku inayopita, matumaini yanapungua. Mimi niliyezoea kuwaambia watu sikio la kufa halisikii dawa, siku hiyo nilivimeza vile vidonge papo hapo.

Sasa mama yangu, ninayeishi naye Magomeni kwenye nyumba ya wapangaji, ni mtu wa pwani haswa. Kwake mtu haendi kwa daktari ananuka usingizi. Alinisuka, akanipaka mafuta ya nazi hadi shingoni, akanifukiza udi nguo na nywele. Nikafika hospitali nanukia kama bi harusi. Dada anayeendesha lile tangi alivuta pumzi mara moja tu, akarudi nyuma. Akaniandikia: "Mama, mafuta na oksijeni ni moto. Kafumue nywele, uoge, urudi kesho."

Siku nzima ikaenda hivyo. Nilikasirika, sina haja ya kuficha. Njia nzima ya kurudi nyumbani sikumtazama mama, naye alikaa kwenye bajaji ameukumbatia mkoba wake.

Kesho yake niliingia nimetakata, nywele timutimu, ndani ya gauni la pamba la hospitali. Tangi lenyewe ni pipa kubwa la kioo. Unalala, wanafunga, hewa inakubana, masikio yanaziba, unameza mate. Saa nzima na ushei. Siku ya kwanza kimya. Ya tatu kimya. Ya tano nilimuuliza yule dada kama kuna mtu aliyewahi kupona, watu wote ukumbini wakageuka, kumbe nilikuwa napiga kelele. Yule dada akainua mabega. Wapo wanaopona, wapo wasiopona.

Siku ya nane tulikuwa kibarazani tunasubiri bajaji, mama kakaa kuliani kwangu. Kikaja kitu kwa mbali, kama mtu anaongea chini ya godoro. Sikugeuka. Mama alikuwa anasema peke yake, taratibu, kama mtu aliyeyasema hayo kila siku.

"Mola wangu, ule moshi ulikuwa wangu, si wake. Chukua masikio yangu umpe yeye. Mimi nimeshasikia ya kutosha."

Nilitazama barabara mpaka macho yakaacha kuniwasha. Nilimpenda mama yangu pale, na nikaona haya kwa ile safari ya kumnunia.

"Baki nayo, mama," nikamwambia. "Wapangaji wakitusengenya nani atawasikia?"

Mkoba ukamponyoka. Nikausikia ulivyoanguka.