Mjukuu Wangu Amesema Nimekufa Ili Kitabu Chake Kipite

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana kanisani kwetu habari zina mbio kuliko basi. Mimi ni bibi wa miaka sitini na nane, Mrundi, niliishi kambini Tanzania mpaka nikaletwa huku Louisville, Amerika. Darasani sijawahi kukaa. Nasema, jirani anachapa. Anachapa huku anacheka, na hakuna cha kuchekesha.

Kwetu binti akikaribia kuolewa anafundwa na shangazi yake. Huku mashangazi ni wachache, kazi ikaniangukia mimi. Nimefunda mabinti hapa mtaani Shively, na miji ya mbali, Columbus mpaka Buffalo. Mambo ya chumbani siyaonei haya, nayasema yalivyo. Shida ni lugha. Hawa wamekulia Amerika, Kiswahili chao kinaishia kwenye salamu. Basi nikawa naenda na mjukuu wangu anitafsirie, huyu niliyemlea tangu mama yake afariki. Kila tukiingia namwambia, "Ya humu yanabaki humu." Anaitikia, "Ndiyo, Bibi."

Kumbe ana mchezo wake wa mezani. Watu wazima wanazunguka meza, wanarusha dadu, kila mmoja anajifanya mtu mwingine, mmoja anasimulia. Kampuni yenye mchezo inawapa watu leseni ya kuandika vitabu vya nyongeza, vyenye visa na watu wa kuigiza mezani. Vya mambo ya kikubwa vinapigwa alama, tena vina masharti: mtoto asiwemo, na mtu wa kweli aliye hai asitiwe bila ruhusa yake. Masharti mazuri, hata mimi ningeyaweka.

Juzi akanipigia binti niliyemfunda Buffalo, kwa Kiswahili cha kuokoteza ambacho hapa jirani amekinyoosha. "Bibi! Uko hai?"

"Nakaanga ndizi. Kwani vipi?"

"Mjukuu wako ameandika kitabu, mwanzoni anasema ni kumbukumbu ya bibi yake marehemu. Ndani kuna bibi anafunda maharusi, maneno yote ni yako. Na lile swali nililokuuliza nikilia, limo!" Akaanza kulia tena. "Mume wangu ndiye aliyekinunua, wanakicheza na wenzake. Hajui swali ni langu. Akijua, Bibi, nitaweka wapi uso?"

Ndizi ziliungua.

Binti huyo aliiandikia kampuni kwamba bibi yuko hai na hajaulizwa. Kampuni ikakiondoa kitabu sokoni. Mjukuu akaja kwangu moja kwa moja kutoka kazini ghalani, macho mekundu. Akaanza na Kiingereza, vijana wa huku wanavyofanya wakibanwa.

"Rudi kwenye Kiswahili," nikamwambia. "Uliniua kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?"

"Bibi, waliniuliza kama huyo bibi ni mtu wa kweli. Nikasema alikuwepo, amefariki. Niliogopa ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Ndiyo maana mtu anaulizwa."

"Sasa wanataka sauti yako irekodiwe, useme uko hai na umekubali. Usipokubali wananinyang'anya leseni, siandiki tena kwao."

"Kwa hiyo leo nimefufuka kwa sababu kampuni inanihitaji?"

Akapiga magoti sakafuni, mtu mzima yule. Akasema swali la binti atalifuta, neno "marehemu" atalifuta. Nikamuuliza, nikikubali halafu nikajuta, je? Akasema ukweli: ruhusa hairudi. Hata waandishi wengine wenye leseni wanaweza kumchukua huyo bibi wakamtia maneno yao.

Ndugu zangu, huyu mtoto nampenda mpaka naumwa. Mama yake nilimzika kwa mikono hii, halafu yeye anizike mimi nakaanga ndizi! Lakini nimemwona akiandika. Anarudi kutoka ghalani amechoka, hawezi hata kuvua viatu, akifungua kompyuta uso unang'aa. Sijui kingine kinachomfanyia hivyo. Na yule binti wa Buffalo ananipigia kila siku, "Bibi, usikubali, nakuomba." Naye ni mwanangu, nilimfunda mimi. Columbus kuna harusi karibuni, mama wa binti amenitafuta, nami sijamjibu. Nitaingiaje tena chumba cha kufundia?

Nikisema ndiyo, nimewauza mabinti walioniamini. Nikisema hapana, nimemvunja mjukuu wangu. Nikikaa kimya, naendelea kuwa marehemu. Kampuni inasubiri sauti yangu Jumatatu. Ninyi mliolea na kulelewa, nisaidieni: nifungue mdomo niseme nini?